Mkuu, usiwawekee watu muvi unayoijua kwa muhtasari

Mkuu, simama hapo hapo kwanza. Umeandika kwamba Jumapili unawakusanya mama, wadogo zako na wapangaji wenzako uani, projekta umeshaazima, na kwenye flash una muvi tatu: Vuta N'kuvute, Nairobi Half Life na Supa Modo. Hujaangalia hata moja, ila "zote nazijua, nimeona muhtasari YouTube". Unatuuliza sisi tulioziona hivi karibuni ipi ianze, shuka liwe la ukubwa gani, spika ya redio itatosha au haitoshi, na muvi ngapi zinaingia kwenye bando la wiki. Kisha unasema moyo wako uko kwa Supa Modo kwa sababu "ni ya katoto kenye nguvu za ajabu, itawachekesha madogo", na itamchangamsha yule mama mpangaji mwenzenu ambaye mwanawe ameruhusiwa juzi kutoka hospitali.

Niliposoma hiyo sentensi ya mwisho niliacha kula.

Huo muhtasari naujua. Kama siyo wenyewe, basi ni ndugu yake wa damu. "Muvi inaanza kwa kumuonyesha binti mmoja anayeitwa Jo, ambaye anapenda sana muvi za mapigano." Baada ya hapo Jo anavaa kama shujaa, kijiji kizima kinamshangilia, msimuliaji anakuomba ubonyeze kengele, habari imekwisha.

Jo anaumwa, mkuu. Ana miaka 9 na madaktari hawana tena la kumfanyia. Mama yake anamtoa kwenye nyumba wanakotunzwa watoto wenye magonjwa yasiyopona ili siku zilizobaki akae naye nyumbani. Hapa sikuharibii mwisho. Hili unaambiwa mapema kabisa na ndilo muvi nzima inalolisimamia. Hizo nguvu za ajabu ni zawadi ya dada yake. Anamwaminisha mdogo wake kwamba anazo, na taratibu kijiji kinaingia kwenye mpango huo. Ukiufuta ugonjwa, unabaki na sherehe ya kijiji. Ukijua ugonjwa upo, unaona kwamba kila anayepiga makofi pale koo limembana.

Mimi niliipeleka kwa dada yangu.

Dada alikuwa amemzika binti yake mwaka uliotangulia. Mtoto aliugua muda mrefu, tukahangaika naye hospitali hadi hospitali, mwisho tukaambiwa tumrudishe nyumbani. Hebu soma tena hiyo "tumrudishe nyumbani", halafu urudi kusoma nilivyokueleza muvi inavyoanza. Shemeji alinipigia simu akasema dada yako hacheki siku hizi, watoto nao wamenywea, njoo hata na muvi mkae pamoja jioni moja. Nikatafuta kitu chepesi cha familia. Muhtasari ukaniambia hiki hapa, cha watoto, kinachekesha. Nikauamini kama wewe unavyouamini leo.

Tulikaa mkekani, watoto mbele, bisi kwenye beseni katikati. Mama yake Jo alipofika kumchukua mwanawe, dada alikuwa na bisi kiganjani. Hakuzipeleka mdomoni wala hakuzirudisha. Nikanyoosha mkono nichukue rimoti, akasema, "Iache." Akaangalia kidogo, kisha akainuka, akaenda kwenye kiti kulikokuwa na nguo zilizokwisha kunjwa, akazikunjua, akaanza kuzikunja upya moja baada ya nyingine, ameipa TV mgongo. Mwanawe wa mwisho akauliza kwa sauti, "Mama, huyu naye wamemrudisha nyumbani?" Shemeji akainuka akazima swichi ukutani.

Dada hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini ulipita muda mrefu sana kabla hajakubali mtu aweke muvi yoyote nyumbani kwake, na shemeji mpaka leo nikimwambia nimeona muvi nzuri huniuliza kwanza, "Umeimaliza?"

Sasa tumzungumzie huyo bwana wa muhtasari, maana hasira yangu kwake haijapoa. Nilirudi kwenye video yake nikaandika kwa adabu: kaka, mbona hukusema mtoto anaumwa? Watu wanaweka hii mbele ya wafiwa. Maoni yangu yakafutwa. Nikaandika tena, yakafutwa tena. Nilipoisikiliza upya kwa makini nikagundua kwamba hata yeye hakuiangalia. Dada yake Jo anaitwa Mwix, yeye anamwita "mama mdogo". Amechukua vipande vinavyong'aa, akavipanga anavyotaka, akapachika muziki wa kuruka. Mtu huyu anaweza kukusimulia msiba ukadhani ni harusi, na watu wengi wanamsikiliza kabla ya kuchagua cha kuwawekea wazazi wao.

Na asije mtu hapa akasema mbona zamani tuliangalia za kutafsiriwa. Usichanganye. Lufufu pale Dar es Salaam enzi za kaseti, au DJ Afro kule Kenya, anazungumza juu ya picha, anaongeza chumvi, anambatiza Mchina jina la Kiswahili, sawa. Lakini picha yenyewe inapita mbele ya macho yako tangu inaanza mpaka inaisha. Mama akilia unamwona analia, hata kama msimuliaji yuko kwenye mambo yake. Mtu wa muhtasari anakunyima macho yako mwenyewe, anakuachia mdomo wake.

Aliyesema hapo juu kwamba trela inatosha, hapana. Trela ni tangazo la biashara, hutengenezwa ili ununue.

Kanuni yangu ni moja na sibadiliki: usimwekee mtu mwingine muvi ambayo wewe hujaiangalia mwanzo mpaka mwisho. Ukiwa peke yako chumbani jaribu utakacho, ikikuumiza umeumia mwenyewe. Ukishaita watu wakae mbele ya shuka lako, wamekuamini.

Baadaye niliimaliza Supa Modo peke yangu, usiku. Ni muvi nzuri mno. Ina dakika 74 tu, na mwongozaji Likarion Wainaina hakupoteza hata moja. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018, na Kenya ikaipeleka kugombea Oscar. Kilichonishika zaidi ni ule ubishi kati ya mama na dada mtu: mama anataka mtoto apumzike ndani asiumie, dada anataka aishi. Wote wawili wanampenda, na wote wana haki. Mimi na dada yangu tuliwahi kubishana hivyo hivyo wodini, nani alale na mtoto, nani amruhusu acheze. Stycie Waweru, aliyecheza kama Jo, ana macho ambayo muhtasari hauwezi kukuletea. Kwa hiyo sisemi uitupe. Nasema usimkalishe mbele yake mama aliyetoka wodini na mwanawe juzi huku umemwahidi kicheko.

Hizo mbili nyingine nazo nimeziona, na muhtasari umezipotosha vilevile. Nairobi Half Life, ya 2012, watakuonyesha kijana Mwas anavyouza muvi kijijini kwao huku akiigiza mapigano mbele ya wateja, utacheka, utadhani ni komedi. Subiri afike Nairobi. Anaibiwa, anaishia rumande, na kile choo cha rumande sitakieleza kwa kuwa wapo wanaokula. Baadaye ni genge, bunduki, damu na matusi ya Sheng yasiyo na breki. Joseph Wairimu, aliyecheza kama Mwas, aliistahili tuzo ya mwigizaji bora aliyopewa kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka ule ule, na mimi muvi hiyo nimeirudia. Ila kwa wadogo zako na mama yako pamoja, hapana kabisa.

Vuta N'kuvute wanaiita "mapenzi ya Yasmin na Denge" na kuishia hapo. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yuko juu, Denge yuko kwenye harakati, na Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeikimbia ndoa asiyoitaka. Mwongozaji Amil Shivji ameitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, ile wengi tuliyoisoma kidato cha tano na cha sita. Ilipelekwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Inakwenda polepole, taa hafifu, kuta za Mji Mkongwe, watu wananyamaza muda mrefu kabla ya kujibu. Mimi niliipenda kwa ule ukimya. Madogo watalala. Mama yako kama aliisoma riwaya atakaa mpaka mwisho, na pengine atakukosoa kwa yaliyoachwa.

Leo ni Alhamisi, mkuu, muda unao. Usiku huu funga mlango uangalie Supa Modo mpaka majina yamalize kupanda. Kesho Vuta N'kuvute. Ukimaliza rudi hapa kwenye uzi utuambie wewe mwenyewe umeona nini, siyo alichoona yule bwana, ndipo tuchague ya Jumapili.