Re: Vipandikizi vya titani vyenye vitundu, inawezekana kuvitengeneza Kampala?

Ndugu wa Mbale, umeuliza kama mtu anaweza kununua mashine ya leza, akaiweka Kampala na kuanza kutengeneza vipandikizi vya mfupa. Mashine inanunulika. Shida iko kwenye unga wa titani, ambao leza huuyeyusha tabaka kwa tabaka hadi kipande kikamilike. Nimefanya kazi na mashine hizi Afrika Kusini kabla ya kurudi nyumbani, na muda mwingi hatukuwa kwenye leza, tulikuwa tunahangaika na unga.

Vitundu vina sababu. Aloi ya Ti-6Al-4V, yaani titani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ina ukakamavu (ugumu wa kupinda) wa takriban gigapaskali 110, wakati sehemu ngumu ya mfupa ina kama 10 hadi 30. Ukiweka kipande kisicho na vitundu, chuma kinabeba mzigo wote, mfupa wa jirani unakosa kazi, unakonda, na kipandikizi kinalegea. Kikisukwa kama kimia chenye uwazi wa asilimia 60 au 70, ukakamavu unashuka na mfupa unapata pa kuota. Vitundu vya mikromita 300 hadi 600 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) ndivyo vinavyolengwa mara nyingi.

Kuchora kimia hicho ni kazi ya kompyuta tu. Sasa njoo kwenye unga wenyewe: chembe za mikromita 15 hadi 45, zinatandazwa tabaka jembamba, leza inayeyusha panapotakiwa, yote ndani ya argoni, gesi isiyoungana na titani. Titani ya moto hunywa oksijeni vibaya sana. Ile ya kitabibu, daraja la 23, haitakiwi kuzidi asilimia 0.13 ya oksijeni. Ikizidi, inakuwa rahisi kupasuka. Na kila unga unaporudishwa mashineni, oksijeni inapanda kidogo, kwa hiyo lazima upimwe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kipande hicho mara nyingi ni cha kutupa. Mambo ya umeme wetu nisikueleze.

Kipande kikitoka, kinaingia tanuri lisilo na hewa kupunguza mikazo iliyobaki ndani ya chuma, ndipo kinakatwa kutoka kwenye sahani kilichojengewa. Halafu unga uliobaki ndani ya vitundu! Unatikisa, unapuliza, na bado kuna chembe zilizogandia kwenye vijiti vya kimia. Nyufa za uchovu wa chuma, yaani za kubeba mzigo mara nyingi, hupenda kuanzia hapo, tena mgonjwa hatakiwi kubaki na chembe hizo mwilini. Huondolewa kwa asidi ya hidrofloriki iliyochanganywa na nitriki, na hiyo si asidi ya kuchezea gereji. Unga wenyewe nao huwaka, na moto wake haumwagiwi maji.

Maoni yangu: wengi wanaovunjika miguu kwa ajali za boda wanahitaji vyuma vya kawaida na daktari wa kuvifunga. Kimia kinafaa nyonga, taya, au pengo lililoachwa na uvimbe. Anza na picha za CT (eksirei zinazoonyesha ndani kwa vipande) na usanifu hapa hapa, kazi ya leza mpe mwenye cheti cha ISO 13485, kiwango cha ubora cha watengenezaji wa vifaa vya tiba, na kabla hujalipa dai ripoti ya oksijeni ya unga wake pamoja na picha ya CT ya kipande chenyewe, uone ndani ya vitundu.