Luano hadi N'djili ni saa mbili na kitu, si tatu

Ndugu, unasema safari hii ni ya saa 3, lakini kutoka Luano (uwanja wa ndege wa Lubumbashi) hadi N'djili (uwanja wa Kinshasa) ni kama km 1,550 kwa mstari ulionyooka, na ndege ya moja kwa moja hutumia saa 2 na dakika kidogo. Hizo saa 3 ulizohesabu kwenye tiketi ya kurudi zinatokana na tofauti ya saa za miji hii: Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa 1. Ukiruka Kinshasa saa 4:00 asubuhi, utatua hapa kwetu Lubumbashi saa 7:15 mchana, ingawa umekaa angani saa 2 na robo tu. Mimi husogeza mishale ya saa ya mkono magurudumu yakigusa lami tu. Ila uliza kama ndege itatua kwanza mji wa Mbuji-Mayi; hapo muda unaongezeka sana.