Kadi ya grafiksi: pesa inaongezeka, kadi inapungua

SWALI: Habari yako. Mimi niko Kasarani, nahariri video za harusi na jioni nikimaliza kazi nacheza gemu. Kadi yangu ni GTX 1060 ya 6GB, imenifaa miaka mingi lakini saa hii inalemewa. Nimechanga pesa, nikaenda tao, duka moja Moi Avenue wakaniambia RTX 5060 mpya ya 8GB ni 52,000. Kaka yangu anasema ningoje bei ishuke, rafiki yangu anasema nitafute 3060 iliyotumika. Nifuate nani? Na kwani hizi kadi za kawaida zilianza lini kuwa ghali hivi?

JIBU: Ndugu yangu wa Kasarani, hujakosea kushtuka. Hio 1060 yako ilitoka Julai 2016 kwa dola 249, na dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 101, so tuseme 25,000 kabla ya ushuru na faida ya duka. 5060 imetoka Mei 2025 kwa dola 299. Mtu wa Marekani ataona dola 50 tu zimeongezeka kwa karibu miaka tisa na atasema si mbaya, lakini wewe na mimi hatulipwi kwa dola. Saa hii dola iko kama 129, na tushukuru juu mwanzo wa 2024 ilikuwa imegonga 160, kwa hivyo kadi inaanza na 38,600 hivi, weka VAT ya 16% unakaribia 45,000, alafu usafiri, alafu mwenye duka pia ana kodi ya kulipa. Hapo ndio 52,000 inatoka. Huyo wa Moi Avenue hajakuibia.

Kinachoniuma mimi zaidi ni kile wanakuwekea ndani ya boksi. Chipu ya kadi ina vitengo vya kuhesabu vinaitwa kore. 1060 yako ina kore 1,280, na kadi kubwa ya kizazi chake, 1080 Ti, ilikuwa na 3,584, manake ulipewa zaidi ya theluthi ya ile kubwa. Ikaja 3060 mwaka wa 2021 na kore 3,584 wakati 3090 ilikuwa na 10,496, bado ni theluthi. Sasa shuka 2023 uone, 4060 ina 3,072 na 4090 ina 16,384, hata moja ya tano haifiki! 5060 nayo ni 3,840 kwa 21,760 za 5090. Sisemi 5060 ni mbovu, inaipita 1060 yako mbali sana, lakini ile 60 ya mwisho kwenye boksi, alama ya kadi za kawaida, siku hizi imebandikwa chipu ambayo zamani ingeuzwa kwa jina la chini na bei ya chini.

Na memori ya kadi, ile inayohesabiwa kwa GB, ndio usiseme. GTX 1070 ilikuja na 8GB mwaka huohuo wa 2016. Eti 2025 bado tunauziwa 8GB mpya kwa 52,000, na kuna gemu kibao ambazo ukiweka ubora wa juu zinapita hapo hata kwa skrini ya kawaida, picha zinakwamakwama ama ukuta unaonekana kama umepakwa matope. Wewe wa video utaumia zaidi, juu ukiweka 4K na efekti mbili tatu kwa programu ya kuhariri kama DaVinci Resolve inakuambia memori ya kadi imejaa na inagoma kumaliza kazi, na bibi harusi anapiga simu.

Usidhani ni bahati mbaya, wanajua wanachofanya. Septemba 2022 Nvidia, kampuni yenye hizi kadi za GTX na RTX, walitangaza kadi mbili zote kwa jina la RTX 4080, moja ya 16GB na nyingine ya 12GB yenye chipu ndogo kabisa kwa dola 899. Watu wakapiga kelele mpaka Oktoba hio ya 12GB ikaondolewa, Januari 2023 ikarudi kwa jina la 4070 Ti na bei dola 799. Kelele zilipunguza dola 100 kwa kadi ileile. Lakini mwisho wa 2022 hiohio walitoa 3060 ya 8GB, njia ya kupitishia data ya memori imekatwa kutoka biti 192 hadi 128, jina likabaki 3060, na hapo hakukuwa na kelele za kutosha.

Kaka yako anasema ungoje, mimi sioni unangoja nini. Mwaka wa fedha wa Nvidia ulioisha Januari 2025 waliingiza dola bilioni 130 hivi, na upande wa gemu ulikuwa kama bilioni 11 tu, zingine karibu zote ni chipu za AI za kwenye madata senta. Chipu zao zinatengenezwa na kiwanda cha TSMC kule Taiwan, so kila nafasi ya kiwanda ikienda kwa kadi yako wanaona hasara. Na mwisho wa 2025 memori yenyewe imepanda bei vibaya juu viwanda vinakimbilia AI, hadi Micron, kampuni ya kutengeneza memori, walitangaza wanafunga Crucial, ile chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Bei inashukaje hapo?

Kwa hivyo mimi niko na rafiki yako. Tafuta 3060 iliyotumika, lakini iwe ya 12GB, usikubali ile ya 8GB hata wakikupunguzia. Kuna sababu nyingine pia, kama madabodi yako ni ya enzi za hio 1060 basi iko PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya kuunganisha kadi na mashine, na 5060 inatumia leni 8 tu za hio njia kwa hivyo kwa mashine ya zamani inabanwa, hasa memori ikijaa, lakini 3060 inatumia 16. Kuna pia kadi ya kampuni nyingine, Intel Arc B580, ni nzuri kwa pesa yake, 12GB kwa dola 249 ilipotoka Desemba 2024, lakini inataka mashine yenye Resizable BAR, yaani inayoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja, ya kizamani itakusumbua. Kitu kimoja tu kinaweza kunifanya nikuambie chukua 5060: kama kamera yako inarekodi 4:2:2 ya biti 10, aina ya video inayobeba rangi nyingi zaidi, hio kizazi cha 50 ndio cha kwanza cha Nvidia kuisoma ndani ya chipu, na kuhariri kunakuwa laini sana. Lakini hata hapo ningekusihi uchange kidogo ufike 5060 Ti ya 16GB.

SWALI: Mimi ni mama, naishi Buruburu. Kijana wangu anasomea usanifu majengo chuo, ananiambia kompyuta yake inahitaji kadi ya 70,000. Naomba uniambie ukweli, ananidanganya ili acheze gemu?

JIBU: Mama, hakudanganyi, ila 70,000 inaweza kupungua. Muulize ni programu gani. Akisema AutoCAD ya kuchora ramani tu, kadi ndogo inatosha kabisa. Akisema Lumion ama Blender, programu za kutengeneza picha za 3D, hizo kweli zinakula kadi, na Blender inaenda vizuri zaidi na Nvidia. Ile 3060 ya 12GB iliyotumika itambeba. Na hata akicheza gemu jioni si vibaya mama, kazi ya kurenda, yaani kutoa picha kamili kutoka kwa mchoro, ni ngumu na kijana anahitaji kupumzika.

SWALI: Hizi za kutumika si ni zile zilichimba sarafu za kidijitali? Nitajuaje haijachoka? (Msomaji, Rongai)

JIBU: Nyingi ndio, uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi uliisha Septemba 2022 na zikamwagwa sokoni. Kuchimba peke yake hakuui chipu, kinachochoka ni feni na zile pedi za joto kwenye memori. Usilipe M-Pesa kabla haijachomekwa mbele yako. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha kadi ina nini ndani, kwa 3060 inafaa uone 12GB, biti 192 na kore 3,584, na ukiona neno FAKE rudisha hapohapo, kuna kadi za zamani zimebadilishwa programu ndani zijiite mpya. Alafu washa FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, dakika 15, simama hapo, sikiliza feni kama inakwaruza, angalia skrini kama inatoa vidoti vya rangi. Angalia pia skrubu, zikiwa zimekwaruzwa uliza nani alifungua na kwa nini. Muuzaji akikataa kuichomeka kwa sababu yoyote ile, hata umeme umepotea, mwambie utarudi ukirudi.