Wasiwasi au kiwewe?

Je, mtu anaweza kutibiwa ugonjwa wa wasiwasi muda mrefu kumbe shida yenyewe ni msongo wa baada ya kiwewe (PTSD), yaani ule unaobaki akilini baada ya tukio la kutisha? Ndiyo. Dalili nyingi zinafanana: usingizi wa kukatikakatika, moyo kwenda mbio, kushtuka mlango ukibamizwa. Ila mwenye kiwewe hurudiwa na tukio lenyewe, ndotoni au mchana kweupe, na hukwepa chochote kinachomkumbusha. Aliyenusurika ajali ya basi atakwambia "napata wasiwasi nikisafiri tu", na ajali haitaji mpaka aulizwe. Kwa hiyo aulizwe, tena kwa upole, siku ya kwanza!

Hata DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ulipotoka 2013 uliutoa msongo huu kwenye kundi la magonjwa ya wasiwasi na kuuweka kundi la kiwewe. Tiba nayo hutofautiana: kwa msongo huu, ushauri nasaha unaoligusa tukio lenyewe ndio unaotangulia, na vidonge vya kutuliza kama diazepamu havipendekezwi.

Lakini si kila aliyepata ajali ana msongo huu. Dalili ziwe zimepita mwezi mmoja na zinamvurugia maisha.