Maleba ya Van Dyck Hayatoshi Kufanya Melodrama

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kikundi chetu cha maigizo chuoni kinaandaa tamthilia ya W. G. Wills, Charles I, inayomhusu mfalme wa Uingereza wa jina hilo, kwa mtindo wa melodrama (tamthilia ya hisia kali inayoambatana na muziki) ya jukwaa la London la mwishoni mwa karne ya 19. Mwongozaji wetu anasema tukishona maleba yanayofanana na picha za Van Dyck, mchoraji aliyemchora mfalme huyo, na waigizaji wakapaza sauti na kurusha mikono, inatosha. Muziki tutauchukua kwenye filamu. Je, yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Maleba shoneni, kwani mwigizaji Henry Irving alipomwigiza mfalme huyo katika ukumbi wa Lyceum mwaka 1872 alijifananisha na picha hizo hizo. Yaliyobaki si sahihi.

Hilo la kupaza sauti huletwa kwangu kila msimu, na wanaolieneza ni walimu wa warsha za siku mbili wanaofundisha kuweka kiganja kwenye paji la uso na kuliita jambo hilo melodrama. Wamelitoa kwenye vikaragosi. Irving alipata umaarufu mwaka 1871 katika tamthilia ya The Bells, akiwa muuaji ambaye hakuna anayemshuku, na wakati uliokumbukwa kuliko yote ni pale anapoinama kufunga bizimu za viatu, wenzake wakataja majira ya baridi ya mauaji yale, na mikono yake ikasimama. Hakupiga kelele.

Kilichobeba ukimya wa namna hiyo ni muziki uliopigwa papo hapo chini ya maneno, ukipungua mwigizaji anaposema na kupanda anaponyamaza. Muziki wa filamu umekatwa kwa kipimo cha picha nyingine, kwa hiyo hautamsubiri mwigizaji wenu. Mpiga kinanda mmoja aliyehudhuria mazoezi yote atawafaa zaidi. Taa nazo zipunguzwe polepole, kwa hatua, kwa sababu hata baada ya ukumbi wa Savoy kuingiza umeme mwaka 1881, Irving aliendelea kutegemea gesi kwa ulaini wa mwanga wake.

Kuna hatari kubwa zaidi, nayo haiishii kwenye onyesho lenu. Mtazamaji akiona kola ya lesi imeshonwa sawasawa, huamini kwamba na kisa ni cha kweli. Cromwell wa Wills, yaani kiongozi wa upande uliompinga mfalme, yuko tayari kununuliwa kwa cheo cha kikabaila, jambo ambalo wahakiki walilipinga tangu wakati ule, na malkia anaagana na mumewe kabla tu ya mfalme kupelekwa kuuawa, ilhali tarehe 30 Januari 1649 malkia huyo, Henrietta Maria, alikuwa Ufaransa, alikokuwa amekimbilia tangu mwaka 1644. Wills alihitaji machozi ya kuagana, akayapata. Ndivyo tamthilia nyingi za aina hii zilivyoundwa: mwaka 1883 mwigizaji Wilson Barrett alimtumia msanifu majengo E. W. Godwin kusimamia usahihi wa mavazi na majengo ya tamthilia ya Claudian, lakini kisa chenyewe kilikuwa cha laana na tetemeko la ardhi. Basi yeyote anayewauzia usahihi wa kitambaa kana kwamba ni usahihi wa historia, mkataeni, awe mshonaji, mtengeneza filamu au mwandishi wa vitabu vya shule. Nanyi katika kijitabu cha onyesho lenu andikeni waziwazi malkia alikuwa wapi asubuhi ile.