Kijitabu cha Studio: Iulizeni Mashine Kabla ya Kuchora

Kijitabu chetu cha kwanza kilifanana na programu ya mazishi. Si utani. Tulikuwa wasanii tisa tunaochangia kodi ya chumba kimoja Industrial Area, Nairobi. Kila mmoja alitoa kurasa mbili, tukaziunganisha kwenye faili moja ya rangi zote, tukashuka River Road na flashi mkononi. Kesho yake tukapewa nakala hamsini: karatasi inayong'aa, rangi kali, stepla mbili mgongoni. Shangazi wa mwenzetu alipoikuta nakala moja mezani, aliishika kwa mikono miwili na kuuliza kwa sauti ya chini ni nani ametutoka.

Shangazi hakukosea. Kuanzia River Road hadi Kirinyaga Road, wachapaji wadogo wanaishi kwa kadi za harusi, vitabu vya risiti na programu za mazishi zinazotakiwa kabla basi halijaondoka alfajiri kwenda mashambani. Ukimpelekea fundi faili bila maelezo, atakupa kile anachowapa wote, tena kwa usafi na kwa wakati. Kosa lilikuwa letu. Tulichora kwanza, mashine tukaitafuta mwisho. Ninyi mlioingia studio juzi na kuambiwa kijitabu cha mwaka huu ni kazi yenu, geuzeni mpangilio huo.

Anzeni na idadi ya nakala. Kila njia ya uchapaji ina gharama ya kuanza na gharama ya kila karatasi, na idadi ndiyo inayoamua ipi itawaumiza. Printa ya dijitali haina gharama ya kuanza ya kutaja, lakini ukurasa wa 300 unalipiwa karibu sawa na wa kwanza. Kwa nakala 20 au 40, tumieni hiyo na msione haya, ila mkatae karatasi ya kung'aa. Ofseti, ile mashine kubwa ya kazi za maelfu, ni kinyume chake: kila rangi inadai pleti yake, yaani bamba lenye picha, kwa kila upande wa karatasi, kwa hiyo mnalipa pesa nzito kabla hata karatasi moja haijapita. Baada ya hapo kila nakala inakuwa rahisi mno. Ndiyo maana fundi wa ofseti hukuambia uanzie nakala 1,000. Si ujeuri, ni hesabu. Lakini studio ya watu tisa itaziweka wapi nakala 1,000? Sisi hata viti tunapokezana.

Katikati hapo, kuanzia nakala 80 hivi hadi mia tatu au nne, ndipo mashine iitwayo Riso inapofaa, na nitakaa hapa kidogo.

Kama ulisoma shule ya Kenya, huenda umeshaishika kazi ya Riso bila kujua: ile karatasi ya mtihani wa katikati ya muhula, wino mweusi usiong'aa, unaochafua kidole ukiusugua. Kampuni ya Riso Kagaku ilianzishwa Tokyo mwaka wa 1946, na mashine za Risograph zikaanza kuuzwa miaka ya 1980. Kwa nje ni kama fotokopi. Kwa ndani ni mjukuu wa ile mashine ya stensili ambayo makarani wa zamani waliizungusha kwa mkono. Kichwa chenye joto hutoboa picha yako kwa vitundu vidogo mno kwenye utando mwembamba uitwao masta. Masta hujizungusha juu ya dramu yenye wino, karatasi inapita, na wino unasukumwa kupitia vitundu. Hakuna unga wa kuyeyushwa kwa joto, kwa hiyo hailambi stima kama fotokopi, na inapitisha karatasi 100 kwa dakika bila kuhema. Dramu moja, rangi moja. Ukitaka rangi ya pili unabadilisha dramu, unatengeneza masta nyingine, unapitisha karatasi zilezile upya.

Chukueni kalamu. Kijitabu cha kurasa 24 za A5, nakala 150. Karatasi ya A3 inabeba kurasa nne kila upande, yaani nane, hivyo kila kijitabu kinakula A3 tatu. Mara 150, ni karatasi 450. Rimu ina 500. Zile 50 zinazobaki ni za makosa, na mtazihitaji. Pande ni sita, kwa hiyo masta ni sita kwa rangi moja na 12 kwa rangi mbili. Sasa ongezeni kurasa nne tu: karatasi zinafika 525 na mmefungua rimu ya pili. Ndivyo mshairi wetu alivyonyimwa ukurasa wa 25. Amenisamehe nusu.

Mashine yenyewe mtaipata wapi? Kwenye shule, na kwenye maduka yanayochapia shule mitihani. Sisi tulikubaliwa na shule moja wakati wa likizo ya Aprili, mashine ikiwa imelala. Tuliandika barua kwa mwalimu mkuu, tukaleta karatasi zetu, tukalipia masta na wino. Hiyo barua iandikeni kwa adabu, na mtaje idadi ya masta, maana hapo ndipo wanapojua kama mnaelewa mnachoomba. Msiende wiki ya mitihani. Na mkifika, bosi si mwalimu mkuu tena. Ni yule mama wa ofisini anayeiendesha mashine.

Huyo wetu alitufunza zaidi ya video zote tulizotazama. Nilikuwa nimebeba karatasi chache za art, za kung'aa, nikidhani kurasa za katikati zitapendeza. Akachapa moja, akapitisha kidole gumba juu yake, akaniinulia: cheusi tii.

"Hii haitakauka hata Krismasi, kijana wangu."

Wino wa Riso haukauki kwa kuganda juu. Unanywewa na karatasi. Karatasi iliyopakwa dawa ya kung'aa haina pa kuunywea. Nunueni bondi ya kawaida, gramu 80 hadi 100, na msidanganywe na muuzaji.

Kisa cha pili hakikuwa cha kuchekesha. Tulikuwa na haraka, tukageuza karatasi kuchapa upande wa pili dakika chache tu baada ya wa kwanza. Magurudumu yanayovuta karatasi yakaokota wino mbichi na kuusambaza. Picha ya bibi ya mwenzetu ikapata mstari mweusi shavuni, kama tairi ya bodaboda imempitia. Karatasi 40 zikaenda hivyo. Chapeni upande mmoja, mrudi kesho. Na kwa kuwa Aprili ni mvua, rimu ikae kwenye kifungashio chake hadi dakika ya mwisho. Karatasi iliyonyonya unyevu inajikunja na kuingia mbilimbili, na ile ya pili inatoka tupu.

Sasa rangi. Mtandaoni mtaona kazi za Riso zenye pinki inayowaka na buluu ya bahari. Mashine tuliyoipata sisi ilikuwa na dramu moja, nyeusi, basi. Tulinuna siku mbili. Kisha mmoja wetu akaja na karatasi za rangi, zile zinazotumiwa kwa ripoti za shule, na tukaona kwamba rangi ya pili inaweza kuwa karatasi yenyewe. Muuzaji alikubali kutuhesabia 165 za njano, 165 za pinki na 165 za kijani kibichi, badala ya kutulazimisha rimu tatu. Tulizipanga njano nje, pinki ikifuata, kijani katikati, hivi kwamba msomaji anapita njano, pinki, kijani, kisha anarudi pinki na kumalizia njano. Kurasa 9 hadi 16 zilikuwa za kijani, na waliopewa hizo walijua kabla hawajashika kalamu. Mmoja alichora Mto Nairobi. Angechora kitu kingine kama karatasi ingekuwa nyeupe.

Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema iulizeni mashine kwanza. Mchoro wa Riso unaacha ukingo mtupu wa sentimita moja hivi kila upande, kwa kuwa mashine haichapi hadi mwisho wa karatasi. Unaepuka kujaza weusi ukurasa mzima, kwa sababu karatasi iliyolowa inang'ang'ania dramu. Picha za kamera mnazipunguzia giza, maana vivuli vinajaa haraka. Faili zote zije kwa kijivu, hata ile ambayo mwenyewe anaapa haieleweki bila rangi nyekundu. Na mkibahatika kupata dramu mbili, jueni rangi hazitalingana sawasawa. Milimita moja au mbili zitahama. Msichore macho kwa rangi moja na mboni kwa nyingine.

Kabla ya kupeleka chochote, kunjeni kijitabu cha mfano kwa karatasi chakavu na muandike namba za kurasa kwa mkono, kisha mkifungue. Katika kurasa 24, kila jozi zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi iliyokunjwa zinajumlisha 25: 24 na 1, 2 na 23, 12 na 13. Jozi yoyote ikikataa kufika 25, mpangilio umeharibika. Mara yetu ya kwanza hatukufanya hivyo, na shairi likaanzia ukurasa wa 7 na kumalizikia wa 18. Watu wawili walilisifu.

Jalada tulilitoa kwa skrini, yaani wino unaosukumwa kupitia wavu uliovutwa kwenye fremu, kwa fundi wa fulana aliye orofa ya tatu nyuma ya Accra Road. Skrini inalipa kwenye jalada kwa sababu ni karatasi moja tu kwa kila nakala, na wino wake unakaa juu ya manila kwa unene ambao kidole kinausikia. Lakini wafundi wa fulana wamezoea nguo, kwa hiyo ulizeni mambo mawili. La kwanza ni wavu: kwa nguo hutumia nyuzi 43 kwa sentimita, na kwa karatasi mnataka 77 au zaidi, la sivyo mistari myembamba inafunikwa. La pili ni wino. Ule wa plastiki unaokaushwa kwa joto kali kwenye fulana utabaki mbichi kwenye karatasi. Mwombeni wino wa maji. Nilimuuliza mzee huyo majalada 150 yatakauka lini. Akanionyesha kamba zilizotandazwa chumba kizima, akasema, "Nenda ukale." Tulikula. Yalikuwa tayari tuliporudi.

Kuna watakaowaambia mtafute herufi za risasi, zile za chuma zinazopangwa moja moja na kugandamizwa karatasini. Mashine hizo za kale bado zipo mjini, zikipiga namba kwenye vitabu vya risiti na kutoboa mistari ya kuchania. Kwa kichwa kimoja cha jalada, sawa. Kwa kurasa 24, msijitese.

Kuhusu pesa, nitasema machache. Mchango wote uende kwa simu ya mtu mmoja, naye aweke rekodi. Lipeni nusu, na nusu nyingine mkishaona nakala ya kwanza kwa macho. Bei mnayotajiwa, ulizeni kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Epukeni Novemba na Desemba, wakati kila mchapaji amezama kwenye kalenda na shajara, na epukeni kabisa miezi ya kuelekea uchaguzi wa 2027, isipokuwa mnataka kijitabu chenu kikae foleni nyuma ya sura za wagombea. Mkipanga kukiuza madukani, ombeni ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Kenya National Library Service kabla jalada halijaingia kwenye skrini, kwa sababu hakuna anayetaka kubandika namba kwa stika mara 150. Na mteue mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Tisa hawawezi kuamua unene wa mstari. Tulijaribu, hadi askari wa geti akaja kuuliza kama kuna shida.

Kuunganisha tulifanya wenyewe, jioni mbili, kwa stepla ya mkono mrefu tuliyoazima. A3 zinakatwa kati kwanza, zinakunjwa, zinapachikwa ndani ya jalada, kisha stepla. Ukingo wa mbele unakatwa mwisho kabisa, kwa kuwa karatasi saba zilizokunjwa pamoja husukumana na zile za katikati hutokeza nje. Mkikata mapema, ukingo unakuwa ngazi. Gilotini iko River Road, kwa jirani wa yuleyule aliyetuchapia cha kwanza. Alikata vyote 150 kwa muda mfupi kuliko tuliotumia sisi kubishana nani amlipe, akachukua kimoja kilichokatwa vibaya, akakifungua kwenye kurasa za kijani na kuuliza karatasi hiyo tumeitoa wapi.