Jibu: Mpiga gitaa wa Ujiji anayetaka kompyuta itunge melodia

Mkuu, umesema una gitaa na laptopu, ila mtandao hapo Ujiji ni wa kubahatisha. Pakua Sonic Pi, programu ya kutunga muziki kwa kuandika kodi, siku ukipata mtandao mzuri Kigoma mjini. Ni ya bure, na ikishaingia haihitaji intaneti.

Usianze na noti za bahati tupu. Zitasikika kama kuku kakanyaga kinanda. Chukua solo yako moja uiandike kwa namba: C ya kati ni 60, kila nusu toni ongeza 1. Kisha tengeneza jedwali: baada ya 60 zilifuata noti zipi? Kama ni 62, 62 na 67, ziandike zote tatu. Usifute iliyojirudia, maana ndiyo inayoipa 62 nafasi mbili kati ya tatu. Programu inachagua moja, inaipiga, inarudi kwenye jedwali (n ni noti ya sasa, choose huchagua moja kwa bahati):

n = jedwali[n].choose

Huo ndio mnyororo wa Markov. Hiller na Isaacson, waliotunga muziki kwa kompyuta, waliutumia huko Illinois, Marekani, tangu miaka ya 1950.

Sasa matatizo. Noti ya mwisho ya solo haina inayoifuata, hivyo ukifika hapo muziki unakatika. Iunganishe na ya kwanza. Solo ya noti 20 itajinakili tu, weka hata 100. Ukisahau sleep (amri ya kusubiri kabla ya noti inayofuata) ndani ya live_loop (sehemu ya kodi inayojirudia), programu inagoma. Na ukiona kila ukiwasha inatoka melodia ileile, badilisha namba ya use_random_seed, amri inayoamua bahati ianzie wapi.

Ridhimu iache ilivyo kwanza.